Kwa Mwanaidi, kuhusu neno beurs

Leiden, 9 Novemba

Mpendwa Mwanaidi,

Nakusalimu kwa wingi, nikitumaini kuwa wewe na mama hamjambo. Uliniuliza kwa nini barua ya chuo iliyonijulisha kwamba nimepata beurs, yaani ufadhili wa masomo, ilitumia neno lilelile la Kiholanzi ambalo magazeti ya huku Uholanzi hulitumia kwa soko la hisa, nami nikakujibu harakaharaka kwamba soko ni mahali pa fedha, basi limeitwa kifuko. Nilikosea.

Beurs ni kifuko cha ngozi cha kuwekea sarafu, na asili yake ni Kilatini bursa, ambalo nalo limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ngozi. Sasa, katika karne ya 13 palikuwa na ukoo wa Van der Beurze katika mji wa Brugge, ambao leo uko Ubelgiji. Ukoo huo ulikuwa na nyumba ya wageni, na nembo yake ilikuwa vifuko vitatu. Wafanyabiashara, wakiwemo Waitalia wengi, walizoea kukutana uwanjani mbele ya nyumba hiyo kubadilishana fedha na hati za madeni, hata jina la wenye nyumba likawa jina la shughuli yenyewe. Antwerpen ilipojenga soko la namna hiyo mwaka 1531, jina lilihamia huko. Kisha Amsterdam ikafungua jengo lake mwaka 1611, zikauzwa humo hisa za Kampuni ya India Mashariki ya Waholanzi.

Jina la ufadhili wangu, kwa upande mwingine, lilitoka kifukoni moja kwa moja, na basari inayomlipia mdogo wako karo ni ndugu yake, ingawa sisi tuliipokea kwa Waingereza.

Siku hizi Waholanzi pochi huiita portemonnee, lakini kifuko cha zamani kimebaki katika misemo: nikikudai shilingi mia nawe ukinidai mia, tukafutiana, watasema tumelipana met gesloten beurzen, yaani vifuko vikiwa vimefungwa. Maonyesho ya vitabu nayo ni boekenbeurs.

Juzi sokoni muuza matunda alinionya kwamba pea niliyoishika ni beurs. Nilisimama nikishangaa, kumbe ni neno jingine lenye sauti ileile, na maana yake ni tunda lililopondeka. Alinipunguzia bei, nikainunua.

Wako akupendaye,
Saumu