Miaka 30 ya bhangra ya New York: anzeni na dhol, mabango baadaye

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Mwaka 2027 itatimia miaka 30 tangu DJ Rekha aanzishe Basement Bhangra, usiku wa kila mwezi wa bhangra (muziki wa kucheza wa Wapunjabi, watu wa Punjab ya India na Pakistani), katika ukumbi wa S.O.B.'s, Mtaa wa Varick, Manhattan. Popote patakapopangwa kuadhimisha mwaka huo, New York kwenyewe au kwetu Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, kazi ianze na mambo mawili: dhol, ngoma ya Kipunjabi yenye nyuso mbili, inayopigwa na mtu aliye hai ukumbini, na somo la kucheza kabla muziki haujapamba moto. Bila hayo mtu atakuwa amekodi ukumbi, amebandika picha za wageni mashuhuri, na amepiga disko kama disko zote.

Wasiolijua jambo hili niwaeleze kwa ufupi. Basement Bhangra ilifanyika kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi kwa miaka 20, ikachanganya bhangra ya Wapunjabi na hip hop na dancehall, kisha ikafungwa Agosti 2017 kwenye jukwaa la SummerStage, Central Park. Siku yenyewe ilikuwa na akili ndani yake. Alhamisi si Jumamosi. Mwenye ukumbi huitoa kwa urahisi zaidi, na "Alhamisi ya kwanza" haihitaji kutangazwa upya kila mara. London nako Talvin Singh na Sweety Kapoor walipoanzisha Anokha, usiku wao wa klabu, mwaka 1995 pale Blue Note, Hoxton Square, waliifanya Jumatatu. Na kabla yao, miaka ya 1980, vijana wa Kiasia wa Uingereza ambao wazazi wao hawakuwaruhusu kutoka usiku walicheza bhangra mchana katika kumbi kama Hammersmith Palais. Kwa hiyo anayehamisha sherehe ya kumbukumbu kwenda Jumamosi ili "watu wawe wengi" ajue ameondoa kitu kilichoufanya usiku huo udumu.

Kwa nini jambo hili lituhusu? Reli ya Mombasa hadi Ziwa Victoria ilijengwa kati ya 1896 na 1901 na maelfu ya vibarua na mafundi kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapunjabi. Kuljit Bhamra, mpiga tabla (ngoma mbili ndogo za mkono za Kihindi) na mtayarishaji aliyekuwa nguzo ya bhangra ya Uingereza, alizaliwa Nairobi mwaka 1959 na akahamia Southall, London, akiwa mtoto. Mama yake, Mohinder Kaur Bhamra, ndiye mwimbaji aliyemtangulia jukwaani. Muziki huu ulipita kwetu kabla haujafika klabu za Ulaya na Marekani, nasi tuna haki ya kuudai utunzwe vizuri.

Sasa nije kwenye ngoma yenyewe, maana ndipo wengi wanapoharibu.

Dhol ni pipa la mti, la mwembe likiwa jepesi, la shisham likiwa zito, lenye urefu wa sentimita 60 hivi, linaloning'inizwa kwa mkanda shingoni au begani. Lina nyuso mbili. Uso wa besi ni ngozi nene ya mbuzi iliyopakwa kwa ndani dawa nzito ya kuikoleza sauti, na hupigwa kwa dagga, fimbo nene iliyopinda nchani. Uso wa pili siku hizi mara nyingi ni wa plastiki, nao hupigwa kwa tilli, kijiti chembamba kinachonepa. Mdundo mkuu wa bhangra huitwa chaal. Wapigaji huuhesabu kwa mdomo: dha na na na, na dha dha na. "Dha" ni mikono yote miwili, "na" ni kijiti peke yake. Hesabu vizuri utaona besi inaanguka mara tatu tu: pigo la 1, la 6 na la 7. Na mapigo hayo manane hayako sawa; huenda mawili mawili, refu na fupi, kama mtu anayechechemea kwa madaha.

Hapo ndipo DJ asiyejua anapotumbukia. Chukua chaal ya mwendo wa 100, yaani hesabu 100 kwa dakika, kila hesabu ikiwa na mapigo mawili. Kila hesabu moja kati ya nne huchukua milisekunde 600, na chaal huigawa 400 kwa 200. Muziki wa house, ule wa klabu unaotengenezwa kwa mashine, na bongo fleva nyingi huigawa 300 kwa 300. Ukivipandanisha, visahani vya ngoma (hi-hat) vya hiyo rekodi ya house vinalia milisekunde 100 kabla ya kijiti cha dhol, na masikio yanasikia watu wawili wanaotwanga kinu kimoja bila kupokezana. Watu hawatajua kosa ni nini. Wataacha tu kucheza na kwenda kununua vinywaji. La pili ni baya zaidi. Hesabu ya tatu ya chaal huanza bila besi, na tundu hilo ndilo linaloinua bega la mchezaji, kwa sababu besi humrudia ghafla mara mbili mfululizo baada yake. Ngoma ya house hupiga besi katika kila hesabu. Ikiingia, tundu linazibwa na mabega yanalala.

Dawa yake ni rahisi. Dhol inapokuwa juu, rekodi inayolia chini yake ikatwe besi na ikatwe visahani. Ibaki sauti za kati tu, yaani kinanda, sauti ya mwimbaji, kelele za hapa na pale. Kubadilishana kufanyike katika vile vipande ambavyo dhol imeachwa peke yake, wala si katikati ya kiitikio. Hip hop ya mwendo wa 95 hadi 100 inakubaliana na chaal kuliko house ya 125, na ndiyo maana ile rekodi ya Panjabi MC iliyorudiwa na Jay-Z mwaka 2003 ilikaa vizuri kila mahali: haikulazimishwa kukimbia. Drum and bass, muziki wa kasi wa klabu za Uingereza, ya 174 hupokelewa na 87, nusu yake. Hapo tabla huwa na nafasi ya kupumua, na Waasia wa London walilijua hilo mapema. Kwa ma-DJ wa Pwani nina neno moja: jaribuni chakacha. Nayo huhesabiwa kwa tatu tatu ndani ya kila hesabu, kwa hiyo huungana na chaal bila ugomvi ambao bongo fleva inauleta. Singeli ya 200 ni mara mbili ya 100 kwenye karatasi, lakini mgawanyo wake ni ule wa sawa kwa sawa. Itumieni kwa dakika moja ya kupandisha ukumbi, kisha mtoke.

Kuna tatizo la rekodi za zamani pia. Nyimbo nyingi za bhangra za miaka ya 1980 zilirekodiwa na watu wakipiga pamoja, bila saa ya kompyuta. Mdundo unaanza 98, kwenye kiitikio umefika 101. Programu ya DJ ikishazifunga kwa kipimo kimoja, baada ya mistari 16 zimeachana. Zishikwe kwa mkono. Zaidi ya hayo, nyingi huanza na mwimbaji peke yake akivuta sauti ndefu bila mdundo, pengine na tumbi, kile chombo cha uzi mmoja. Kwenye sherehe ya kumbukumbu usiikate sehemu hiyo. Nyamazisha vyote, iache ilie ukumbini, na umwambie mpiga dhol aingie pale mdundo unapoanza.

Na mpiga dhol huyo awekewe monita, yaani spika ndogo ya kumsikilizisha yeye mwenyewe. Hili nalikazia kwa sababu waandaaji hulidharau. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde. Mpiga dhol akiwa mita 17 kutoka kwenye spika kubwa, muziki unamfikia umechelewa milisekunde 50. Linganisha na pigo fupi la chaal, milisekunde 200: amechelewa robo nzima kabla hata hajanyanyua fimbo. Atafuata anachokisikia, na ukumbi mzima utadhani hajui kazi. Monita moja ndogo isiyozidi mita mbili kutoka alipo, iliyojaa ngoma ya rekodi na sauti ya mwimbaji kidogo tu, inamaliza shida hiyo. Akitaka kushuka katikati ya wachezaji, avae ya sikioni.

Vipaza sauti viwe viwili, kimoja kila uso, vya kubana kwenye mwili wa ngoma na visivyo na waya. Kile cha besi kikatwe sauti nzito zilizo chini ya hezi 60, la sivyo akipita mbele ya spika ukumbi utaanza kunguruma wenyewe. Wakati wa kupima sauti mwombeni apige kwa nguvu zake zote, sekunde 30 bila huruma. Wapigaji wengi hupima kwa upole mchana. Usiku, watu wakishapiga kelele, nguvu huongezeka maradufu na sauti inapasuka. Kwa wanaosimama karibu naye, dhol huvuka desibeli 100 kwa urahisi, na kwa kipimo cha wataalamu wa afya kazini wa Marekani kiwango hicho hakitakiwi kuzidi dakika 15 kwa siku. Vizibo vya masikio vigawiwe mlangoni. Mpiga dhol wa kwanza.

Ngozi ni suala la peke yake. Wapiga ngoma wetu wanajua: jasho na unyevu vikipanda, ngozi inalegea, na mzee wa ngoma huitoa nje akaiotesha moto wa makuti. Ndani ya klabu huwashi moto. Watu 300 wakipumua kwa saa mbili katika chumba cha chini, uso wa besi unashuka na kuwa kama kupiga mto, ilhali ule wa plastiki umebaki palepale, na nyuso mbili hazielewani tena. Dhol ya skrubu hukazwa kwa dakika chache, ya kamba huchukua muda. Kwa hiyo dhol ya pili ikae chumba chenye hewa kavu, tayari imekazwa, na zibadilishwe baada ya nusu ya usiku. Mombasa wakati wa kaskazi, zibadilisheni kila saa.

Waandaaji wengine hudhani kumbukumbu kubwa inataka dhol nyingi. Wanaalika wapigaji kumi waliotoka pande kumi. Kumi wakipiga bila kiongozi, lile pigo la 6 na la 7 linageuka mvua ya mawe. Wawili wanaotazamana machoni wanatosha. Wakizidi, mmoja awe kinara, yeye peke yake apewe vipaza sauti, na wengine wasikike kwa nguvu zao wenyewe.

Kuhusu somo: New York lilikuwa mapema, ukumbi ukiwa bado na nafasi ya kunyoosha mikono, na ndilo lililomfanya asiye Mpunjabi asikae ukutani. Dakika 40 zinatosha, hatua tatu zinatosha. Anza na magoti: yanepe kidogo kila hesabu, nyayo zikigusa chini. Halafu mabega, juu mara mbili kwa kila hesabu. Halafu mikono ipande juu ya kichwa, viganja wazi, mguu mmoja ukiinuka kwa zamu. Wanaojifunza hukosea mahali pamoja: wanaruka kwa mwili mzima badala ya kunepesha magoti, na dakika ya tatu pumzi zimekwisha. Mwalimu akiona hivyo asiongeze hatua. Awarudishe kwenye magoti. Na afundishe kwa dhol, bila rekodi, kwa sababu mpiga dhol anaweza kupunguza mwendo hadi 80 na kuupandisha taratibu darasa likishika.

Bei ya kiingilio, mapambo na chakula sina la kusema, kila ukumbi una yake.

Kwa waandishi wako wa burudani nina ombi. Kurasa zetu zikimtaja mtu anayepiga bhangra hufika saa sita usiku, hupiga picha ya taa na umati, kisha huandika "disko la Kihindi". Fikeni saa ya somo. Simameni upande wa kushoto wa mpiga dhol, ule wa dagga ikiwa anatumia mkono wa kulia, na mhesabu mapigo manane mpaka mlisikie lile la tano, linaloanzisha hesabu ya tatu bila besi.

Msomaji wako,
Fundi wa sauti, Mombasa