KUH: Kufunga Muhula wa Pili, Walimu Waliotangulia, na Vitabu Vilivyochanwa

Wazazi na walezi wetu,

Assalaam aleikum, na salamu kwenu nyote wa kila dini. Shule inafungwa Ijumaa saa sita mchana. Ripoti mje kuzichukua wenyewe, msimtume jirani. Tarehe ya kufungua imo ndani ya ripoti.

Sasa la maana. Wiki iliyopita wanafunzi wa Kidato cha Tatu walisimama mbele ya shule nzima kuwakumbuka walimu wa mji huu waliotangulia mbele ya haki. Niliwapa sharti moja tu: mtu asitajwe kwa cheo chake, atajwe kwa alichowapa wengine. Mliokuja mlijionea. Ambao hamkuja, nanyi ndio wengi, mmekosa uhondo.

Msichana mmoja alianza na Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Ukumbi mzima ukacheka jina. Akangoja wachoke, ndipo akasema. Muyaka bin Haji, mshairi wa mji huu, alipofariki mwaka 1840, mashairi yake mengi yalibaki vinywani mwa watu, na vinywa huzikwa na wenyewe. Huyu Sikujua ndiye aliyeyafuata kwa wazee waliokuwa bado wakiyakumbuka, akayaandika. Kisha hakuyafungia sandukuni: alimpa W. E. Taylor, mmishonari Mwingereza aliyekuwa hapa Mombasa, akamfafanulia yaliyofumbwa. Mwenyewe akafariki mwaka 1890. Diwani ya Muyaka ilikuja kuchapishwa Johannesburg mwaka 1940, mhariri wake akiwa William Hichens. Yaani Sikujua alifanya kazi ya kitabu asichokiona. Msichana akauliza, "Nani hapa anajua ubeti mmoja wa Muyaka?" Mikono ikainuka. "Basi nyote mna deni lake." Hakuna aliyecheka tena. Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kuusikia ukumbi ule ukinyamaza bila ya mimi kugonga meza.

Wa pili alimzungumzia Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa Lamu mwaka 1927, aliyeishi hapa mjini hadi alipofariki mwaka 2017. Watoto hawakujua kwamba neno runinga linahesabiwa miongoni mwa maneno aliyoyabuni. Walioandika tasnifu zao katika vyuo vya ng'ambo walikuja kuketi naye awafunze. Mvulana yule, akifuata utenzi wa Sheikh juu ya mnazi, alitutajia tunda lake tangu upunga, kidaka, kitale, dafu, koroma hadi nazi. Mzazi mmoja nyuma yangu alinong'ona kwamba yeye alijua dafu na nazi tu. Mzaliwa wa Likoni huyo!

Michezo: tulishika nafasi ya pili katika voliboli. Hongera.

Wa mwisho kukumbukwa alikuwa wetu wenyewe, Maalim wa fasihi aliyetutoka mwaka jana. Simtaji jina kwa kuwa familia yake imeomba hivyo, nanyi mnamjua. Mwenyewe alituachia katoni nne za vitabu, na pambizoni mwa kila kitabu mna mwandiko wake wa penseli: hapa mizani imepungua, hapa muulize mvuvi, hapa mimi nilikosea darasani. Ndivyo alivyofundisha, hata ya kukosea kwake hakuyaficha.

Siku tatu baada ya kumbukumbu hiyo nilinunua mabuyu langoni. Nilipoifungua karatasi nikauona mwandiko ule, umelowa rangi nyekundu.

Wavulana watatu walikuwa wakichana kurasa na kumpelekea muuzaji, wapewe mabuyu ya shilingi 20. Kurasa 31 kwa hesabu yangu. Muuzaji simlaumu, yeye hununua karatasi. Nilipowaita, wa kwanza alisema, "Sikujua kama ni vya Maalim." Wa pili, "Sikujua." Nikamwita mzazi, naye pia, "Mwalimu, sikujua." Mji huu umekuwa na Sikujua mmoja tu wa kujivunia, naye alijua.

Neno hilo hilo ninalisikia juu ya utoro. Kila Jumatatu kuna viti vitupu, mtoto alikuwa arusini Malindi, na arusi yenyewe kumbe iliisha Jumamosi. Ninalisikia juu ya karo pia: sikujua kuna salio. Barua mbili zimetumwa na ujumbe wa simu umetumwa. Ninajua hali ni ngumu, na aliyekuja ofisini tukapanga malipo kidogo kidogo sina neno naye. Ninasema na wanaoniepa hata sokoni. Alipofariki Maalim, mwanawe aliniletea daftari dogo: majina ya wanafunzi aliowalipia chakula cha mchana na ada za mtihani kutoka mshahara wake, miaka na miaka, na mbele ya kila jina amepiga mstari, maana yake hadai. Baadhi ya majina hayo ni ya wazazi ninaowaandikia leo. Sitayasoma mbele ya watu. Ila salio la muhula huu lilipwe benki kabla ya kufungua, na risiti iletwe kwa mhasibu, si kwangu.

Kuhusu wale watatu: sikuwafukuza. Tumeazima nakala nyingine za vitabu vile, nao watakuja asubuhi za Jumanne na Alhamisi wakati wa likizo, kila mmoja na mzazi wake, wazinakili kwa mkono zile kurasa 31 zote. Yale maneno ya pambizoni, yanayosomeka bado chini ya rangi, nayo yaandikwe kama yalivyo. Mzazi mmoja amenipigia simu kuniambia likizo ni ya kupumzika. Nimemwambia aje na penseli mbili, moja yake.

Wenu,
Mwalimu Mkuu