Wosia zangu za zamani usizichome

Mwanangu mpendwa,

Uliposema kwenye simu kwamba wosia zangu za zamani ni takataka na ukija likizo utazitia moto, nilinyamaza, lakini usiku ule sikulala. Usizichome. Nimekutaja wewe kuwa msimamizi wa kutekeleza wosia wangu, na si kwa sababu wewe ni kifungua mimba. Hesabu zako zimenyooka tangu utotoni. Haraka yako tu ndiyo inayonitisha.

Nikifa, utakaotekelezwa ni wosia wa mwisho. Mwanzoni kabisa nimetamka kwamba nafuta wosia zote zilizotangulia. Kwa hiyo ule uliompa kaka yako nyumba peke yake hauna nguvu, hata akiushika mkononi na kulia. Mweleze kwa upole, wewe ukikasirika ulimi wako unakata.

Ila akitokea mtu akadai mahakamani kwamba sikuwa na akili timamu nilipoweka sahihi, au nilishinikizwa, na mahakama ikamkubalia, wosia mpya unaanguka pamoja na tamko lake la kufuta. Hapo, kwa sheria za nchi nyingi, uliotangulia ndio unaosimama. Kama umeshauchoma, mtahangaika kuthibitisha nakala, na mkishindwa mali itagawanywa kama ya mtu aliyekufa bila wosia. Mdogo wako ndiye atakayeumia. Wosia zote zimemtengea fungu lake la matibabu. Zikiwepo, nani atasema wazo hilo nilitiliwa kichwani uzeeni? Ndiyo maana nakwambia tena, usizichome.

Wosia halisi wa mwisho uko kwa wakili. Sikutaka ukae nyumbani, kwa sababu ukikosekana na mara ya mwisho ulikuwa mikononi mwangu, mahakama huweza kuchukulia kwamba niliuharibu kwa makusudi. Ukikabidhiwa, pini zake usizitoe hata kwa ajili ya kutoa nakala. Matundu ya pini yakionekana, mtaulizwa ni ukurasa gani umechomolewa. Wala usiandike kitu pembeni, hata tarehe.

Za zamani nimezifunga kwenye bahasha ya kaki, juu nimeandika “zimefutwa” na tarehe. Karatasi zenyewe sikuzigusa.

Bomba la jikoni bado linavuja, na mdogo wako anataka miwani mipya, ya sasa inamwumiza masikio. Njoo na kaka yako, hata kama hamsemeshani. Nataka bahasha hiyo ifunguliwe mbele yake, aulize anachotaka kuuliza nami nimjibu mwenyewe.

Mama yako