Kaunti idai polisi zaidi kwa njia iliyowekwa na sheria

Mhariri,

Kila mara vijana wenye mapanga wanapovamia wapita njia Kisauni au Likoni, viongozi wa Kaunti ya Mombasa hujitokeza kudai polisi waongezwe. Dai hilo ni la haki na ninaliunga mkono. Ninachopinga ni jinsi linavyotolewa, katika hotuba za mazishini na mbele ya kamera, kisha likaachwa mpaka damu imwagike tena.

Upungufu upo, na sisi wakazi tunauona kwa macho. Jirani yangu alipovunjiwa duka usiku, alikuta kituoni askari wawili tu: mmoja akilinda mahabusu na mwingine akiandika OB, yaani kitabu cha matukio. Walimsikiliza kwa adabu, wakampa nambari ya OB, kisha wakamweleza kwamba hapakuwa na askari wa kutoka naye wala mafuta ya gari. Siwalaumu askari hao, kwa kuwa wangetoka, seli zingebaki bila mlinzi.

Lakini Katiba ya 2010 iliiacha kazi ya polisi mikononi mwa serikali ya kitaifa, chini ya Inspekta Jenerali. Gavana hawezi kuajiri wala kuhamisha afisa hata mmoja, na askari wa kaunti, yaani kanjo, wapo kwa ajili ya kusimamia sheria za kaunti, si kukabiliana na magenge. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba kaunti haina la kufanya ila kulalamika, na viongozi wetu hawajajitahidi kuiondoa dhana hiyo.

Ukweli ni kwamba Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, katika kifungu cha 41, inazipa kaunti Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, inayoongozwa na gavana au na waziri wa kaunti atakayemteua, ambamo wakuu wa usalama huketi meza moja na watu waliochaguliwa na bunge la kaunti pamoja na wawakilishi wa wafanyabiashara, wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na viongozi wa dini. Sheria inaitaka mamlaka hiyo ipendekeze vipaumbele na malengo ya polisi katika kaunti, ifuatilie mwenendo wa uhalifu, ukiwemo unaowalenga wanawake na watoto, ikuze polisi jamii na iangalie matumizi ya fedha za polisi. Zaidi ya miaka kumi imepita, na mamlaka hizi bado hazijashika mizizi. Hili linanisikitisha kuliko uhaba wenyewe.

Katika mijadala yetu hutajwa kipimo cha afisa mmoja kwa watu 450. Kipimo hicho hakituelezi ni maafisa wangapi wanalinda viongozi na majengo, wangapi wamekaa ofisini, na wangapi wanapiga doria Mtopanga saa nne za usiku. Inspekta Jenerali akiletewa na Mamlaka ya Polisi ya Kaunti maelezo ya namna hiyo kwa kila eneo bunge, kuanzia Mvita hadi Jomvu, yakiwa yamejadiliwa na wananchi na kutiwa saini na gavana, itamwia vigumu kuyapuuza. Wananchi nao, hasa vijana wanaokamatwa ovyo baada ya kila msako, watakuwa na mahali pa kuuliza maafisa watakaoongezwa watafanya kazi gani na watawajibika vipi. Bila hilo, kuna wazazi watakaoogopa ongezeko hilo kama wanavyoyaogopa magenge, na siwezi kuwalaumu.

Namwomba gavana aitishe mamlaka hiyo, na bunge la kaunti liitengee fedha katika bajeti ijayo, pamoja na fedha za taa za barabarani, ambazo ni jukumu la kaunti yenyewe na hazihitaji kibali cha Nairobi. Mkutano wake wa kwanza ufanyike Kisauni, hadharani, wakazi wakiruhusiwa kuuliza.

Mkazi wa Mtopanga,
Mombasa