Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayetaka kwenda kuiona Winterfell

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Orodha yako ya mahali palipopigwa picha za tamthilia ya Game of Thrones kule Ireland ya Kaskazini, ikianza na Winterfell, ile ngome ya ukoo wa Stark, nimeisoma yote, na ni ndefu kuliko siku ulizonazo. Najua wengi wanaojiandaa kwa safari hiyo hiyo, ndiyo maana nakujibu hapa mbele ya watu. Punguza orodha. Si kila sehemu iliyoonekana kwenye tamthilia ina kitu cha kukuonyesha ukifika, maana kuna zilizotoa ardhi, miamba na miti ya kweli, na kuna ambazo karibu kila ulichokiona kilichorwa baadaye kwa kompyuta. Nenda kwenye zile za kwanza.

Ila kabla ya yote kuna viza, na hapo ndipo safari za watu wetu hukwama. Ireland ya Kaskazini ni sehemu ya Uingereza. Dublin iko nchi nyingine, Jamhuri ya Ireland, yenye viza yake. Utaona tiketi ya Dublin ina bei nzuri, na basi la kutoka Dublin hadi Belfast, mji mkuu wa Ireland ya Kaskazini, ni la saa mbili na kitu tu, ukajiona umepata mchongo. Usiinunue. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania hawezi kuingia Dublin kwa viza ya Uingereza. Barabarani mpakani hakuna kibanda cha uhamiaji, lakini kukosekana kwa kibanda si ruhusa ya kupita, na ukaguzi wa kushtukiza ndani ya mabasi na treni upo. Pitia London: unapita uhamiaji uwanja wa ndege wa Heathrow, kisha unapanda ndege ya ndani hadi Belfast. Viza ya mgeni wa kawaida inaombwa mtandaoni, si zaidi ya miezi mitatu kabla ya kusafiri, na jibu kwa kawaida huchukua wiki tatu baada ya kutoa alama za vidole. Tiketi isiyorejeshwa fedha subiri uilipe ukishapata jibu.

Panga chumba Belfast na ukodi gari. Bila gari inawezekana, ila utakula siku nzima kwa sehemu moja au mbili, na Jumapili mabasi ya vijijini ni haba sana. Kule wanaendesha kushoto kama kwetu, na leseni yako inakubalika kwa mgeni wa muda mfupi, ingawa baadhi ya kampuni za kukodisha hudai pia kibali cha kimataifa, kwa hiyo uliza mapema. Kinachowaangusha wengi ni kadi: wanataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, ili wazuie dhamana. Ya mume au ya rafiki haifai. Vibao vya mwendo navyo ni vya maili. Ukiona 60, ni kama kilomita 97 kwa saa, na hicho ni kikomo tu. Kwenye vijia vya Antrim, jimbo la kaskazini mwa Belfast, vyenye kuta za mawe pande zote hutaweza hata nusu yake.

Sasa sehemu zenyewe. Ungekuwa na siku moja tu ningekupeleka kusini, Castle Ward, karibu na kijiji cha Strangford, mwendo wa kama saa moja kutoka Belfast. Ule ua wa zamani wa shamba wenye mnara ndio uliokuwa ua wa Winterfell katika msimu wa 1. Ukiingia utaona ni mdogo kuliko ulivyodhani, kwa sababu kuta ndefu na minara mingine iliongezwa kwa kompyuta, na misimu ya baadaye walijenga seti kubwa Moneyglass, kwenye ardhi isiyo ya kutembelewa. Usivunjike moyo. Simama upande mmoja wa ua, piga magoti hadi jicho liwe usawa wa kiuno cha mtu, utazame mnara. Kwa chini hivyo, mapaa ya jirani yanajificha na mawe yanapanda. Halafu tembea ukingoni mwa maji hadi Audley's Castle. Maji yale ya mlango wa Strangford Lough yanakwenda kwa kasi kubwa yanapojaa na kupwa. Usiingize mguu hata kama yanaonekana yametulia.

Kutoka hapo unafika Inch Abbey, magofu ya watawa karibu na Downpatrick, kando ya mto Quoile. Hapo ndipo mwishoni mwa msimu wa 1 wakuu wanamtangaza Robb Stark, kijana wa Winterfell, kuwa Mfalme wa Kaskazini. Hakuna kiingilio, na jioni huwa hapana watu. Jioni ya Juni jua linazama karibu saa nne usiku, kwa hiyo usikimbilie kuondoka. Ukienda Desemba, hesabu kwamba saa kumi jioni jua linazama, na ratiba yote ikate nusu.

Siku ya pili panda pwani ya Antrim. Cushendun kuna mapango ambamo Melisandre, yule kuhani mwanamke wa mungu wa moto, alizaa kile kivuli, msimu wa 2, sehemu ya 4. Hapa nakusihi usipige picha ukaondoka. Sogea uutazame mwamba: ni kokoto za duara, nyingine kubwa kuliko ngumi, zimeshikamana ndani ya mchanga mwekundu uliogeuka jiwe, kama karanga ndani ya kashata. Mvua na chumvi vinakula ule mchanga polepole, kokoto zinalegea, zinaanguka. Ndiyo sababu pango lina ile sura iliyotobokatoboka ambayo mafundi wa seti wasingeweza kuitengeneza vizuri hivyo, na ndiyo sababu pia ukikuta uzio au kibao cha kukataza hupaswi kupita. Mapango yako nyuma ya makazi ya watu, basi sauti chini.

Ballintoy ni bandari ndogo iliyokuwa ya Visiwa vya Chuma, pale Theon, kijana aliyelelewa Winterfell, aliporudi kwao. Ngome yao ya Pyke hutaiona, ilichorwa. Lakini gati, mawe meusi na mawimbi ni vile vile. Barabara ya kushukia ina mwinuko mkali na kona, na majira ya joto maegesho hujaa kabla ya adhuhuri. Fika asubuhi, au acha gari juu kijijini ushuke kwa miguu.

Dark Hedges, ile njia ya miti karibu na Armoy, ndiyo inayowavuta wengi na kuwaudhi wengi. Kwenye tamthilia inaonekana kwa sekunde chache, msimu wa 2, sehemu ya 1, Arya, mdogo wake Robb, akitoroshwa kwenda kaskazini. Miti ilipandwa karne ya 18 na ukoo wa Stuart kupamba njia ya nyumba yao ya Gracehill, na imezeeka. Ilikuwa kama 150. Iliyobaki ni pungufu sana ya hapo, na dhoruba zinaendelea kuiangusha. Magari yalipigwa marufuku mwaka 2017 kwa sababu matairi yalikuwa yanashindilia udongo juu ya mizizi. Egesha hotelini jirani, tembea katikati ya barabara, usipande ukingoni kwenye mizizi. Fika kabla ya saa tatu asubuhi, maana baada ya hapo mabasi ya watalii kutoka Belfast yanaanza kumwaga watu. Picha yako itatoka mbaya ukitumia lenzi pana ya simu: matawi yanatawanyika na njia inaonekana tupu. Rudi nyuma mbali, kisha tumia lenzi ya kukuza, mara mbili au tatu. Matawi yatafungana juu kama ulivyoyaona kwenye runinga.

Miwili kati ya miti hiyo ilipoangushwa na dhoruba mwaka 2016, mbao zake zilitengenezwa milango 10 iliyochongwa matukio ya msimu wa 6, ikasambazwa kwenye baa na hoteli. Mmoja uko Fullerton Arms, Ballintoy, mwingine Mary McBride's, Cushendun. Utakapohitaji chakula na pa kukaushia koti, kula hapo.

Nyingine kwa haraka. Ufukwe wa Downhill, zilipochomwa sanamu za miungu saba, ulirekodiwa usiku. Mchana ni ufukwe mzuri tu, kwa hiyo nenda jua linapozama. Treni ya Belfast kwenda Derry inasimama Castlerock, jirani kabisa. Machimbo ya Magheramorne, palipojengwa Castle Black, ngome ya walinzi wa ule ukuta wa barafu, hayafunguliwi kwa wageni, na hakuna tundu la kuchungulia lenye maana. Kiu ya seti za ndani ikate Banbridge, mji ulio kusini mwa Belfast, kwenye maonyesho ya studio yaliyofunguliwa mwaka 2022: Ukumbi Mkuu wa Winterfell upo pale, na mavazi utayaona karibu hadi mishono. Tiketi nunua mtandaoni. Iweke siku ile mvua itakayotabiriwa kuwa kubwa zaidi.

Mwavuli acha nyumbani, upepo wa kule unaleta mvua ubavuni. Chukua koti lisilopenya maji, viatu vyenye meno, na betri ya ziada, maana baridi humaliza chaji ya simu. Na usiku wa kila kuamkia safari, tazama upya tukio la sehemu unayokwenda na upige picha ya skrini. Ukifika huko bila intaneti utaitegemea hiyo kujua kamera ilisimama wapi.

Ukipata jibu la viza nijulishe tarehe. Nisalimie wote hapo nyumbani, na mama yako umpe mkono wangu.

Mjomba wako