Figo, maji na baridi ya Beijing

Beijing, 21 Desemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Leo ni Dongzhi, siku fupi kuliko zote katika mwaka huku. Kuanzia leo Wachina wanahesabu tisa mara tisa, siku 81, ndipo baridi inaachia.

Uliulizia dawa ya Kichina ya figo kwa ajili ya Mjomba. Tusichanganye mambo. Tabibu wa hapa akisema figo, anamaanisha ghala la nguvu za mwili: mifupa, kiuno, magoti, masikio, nywele, hata woga. Vyote hivyo, pamoja na kibofu, rangi nyeusi na ladha ya chumvi, wanaviweka katika kundi la maji, moja ya makundi matano (wao huyaita mienendo) wanamogawa mambo yote, na majira ya kundi hilo ni haya ya baridi. Figo anazopimwa Mjomba hospitali ni habari nyingine. Asinunue mizizi ya "kuimarisha figo" mitandaoni. Baadhi ya mimea ya Kichina ina asidi ya aristolokiki, inayoua figo zenyewe.

Kanuni ya majira haya ni kuweka akiba. Huangdi Neijing, kitabu chao cha kale, kinaagiza kulala mapema, kuamka jua likishachomoza, na kutoruhusu jasho livuje. Kwa hiyo mazoezi ya kulowanisha shati hayapendwi sasa.

Sisi tunasema baridi yabisi, yaani baridi kavu. Wao maumivu hayo ya viungo huyalaumu zaidi baridi na unyevu. Dawa yao ya jioni ni kuloweka miguu: maji ya nyuzi 40 hivi, yapite vifundo, dakika 15 hadi 20, angalau saa moja baada ya kula. Paji la uso likianza kuwa na unyevu, toa miguu, ikaushe, vaa soksi. Babu ana kisukari, nyayo zake hazisikii moto: maji yake apimiwe na mtu mwingine kwa kiwiko, la sivyo ataungua bila kujua.

Maelezo ya supu ninayokutumia ni ya Zhang Zhongjing, tabibu wa kale wa enzi ya Han. Yeye aliandika maji vipimo 8, yachemke mpaka vibaki 3. Kwa sufuria yako: nyama ya kondoo nusu kilo, tangawizi mbichi gramu 30, mzizi wa danggui (mmea wa dawa wa Kichina) gramu 15. Nyama ianze kwenye maji baridi. Ikichemka, mwaga maji pamoja na povu, usipofanya hivyo supu itanuka shombo. Tia maji mapya lita 2, tangawizi iliyomenywa (ganda lake wanalihesabu kuwa la ubaridi) na danggui. Moto mdogo, saa moja na nusu. Chumvi mwishoni, kidogo: ladha ya figo ni chumvi, lakini Huangdi Neijing kinaonya kwamba ikizidi inaharibu mishipa ya damu. Danggui ikizidi, supu inakuwa chungu.

Dada asiinywe maadamu ni mjamzito, wala yeyote anayemeza vidonge vya kuzuia damu kuganda. Mwenye homa au koo linalowaka angoje apone.

Hapo Lushoto, ipike Julai. Desemba yenu ni joto, haina kazi nayo.

Wasalimie wote.

Mwanao