Themostati baridi si dawa ya gari kuchemsha

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie mtindo uliozagaa katika gereji zetu za Mombasa, kuanzia Mwembe Tayari hadi Miritini. Pikapu yenye nguvu ikianza kupandisha joto, mwenyewe huambiwa mawili: themostati ing'olewe itupwe, au atiliwe "themostati baridi" ya kuagizwa ng'ambo, yaani ile inayofunguka kwa joto la chini. La kwanza ni kosa. La pili lina mahali pake, ila mahali hapo ni padogo kuliko wauza spea wanavyotuaminisha.

Themostati ni mlango. Ndani yake mna nta iliyofungiwa kwenye kikombe cha shaba. Nta ikipata joto huvimba, husukuma pini, na mlango ukafunguka maji yakaenda kwenye rejeta. Nambari iliyopigwa muhuri ubavuni, tuseme 82, ni joto ambalo mlango huanza kufunguka. Kuwa wazi kabisa huchukua nyuzi nyingine 10 hadi 15. Kwa hiyo kifaa hiki hulinda joto la chini la injini. Joto la juu halimo mikononi mwake. Mlango ukishakuwa wazi, themostati ya nyuzi 71 na ya nyuzi 91 huwa hazina tofauti ya maana. Kuanzia hapo wenye amri ni rejeta, feni, pampu na upepo unaopita. Gari linalofika 110 katika foleni ya feri Likoni limeshazipita nambari zote hizo. Ukilitia ya 71 umelichelewesha dakika chache tu, kisha litafika pale pale.

Wazo lenyewe limetoka Marekani, na ndiyo maana nambari za kwenye boksi huwachanganya watu: 160, 180 na 195 ni Fahrenheit, yaani takriban 71, 82 na 91 kwa nyuzi zetu za Selsiasi. Kule walikuwa na sababu. Chukua Ford F-150 Lightning ya mwaka 1999 hadi 2004: V8 (injini ya silinda nane) ya petroli ya lita 5.4 yenye supachaja, nguvu farasi 360 mwanzoni, kisha 380 kuanzia 2001. Supachaja hukandamiza hewa, na hewa ikikandamizwa hupata moto. Hewa hiyo ikikutana na hedi (kichwa cha injini, juu ya silinda) yenye joto kali, mchanganyiko huripuka kabla ya wakati wake na injini ikagonga. Kompyuta ikisikia kugonga huko huchelewesha cheche, na nguvu uliyoilipia hupotea. Kushusha joto la hedi kwa nyuzi kadhaa humpa fundi wa programu nafasi ya kurudisha cheche mbele. Zingatia neno programu. Waliobadili themostati peke yake, bila kugusa kompyuta, hawakupata cha kujivunia.

Sasa tutazame barabara zetu. Magari ya usukani wa kushoto hayasajiliwi hapa, ila yale ya kazi maalumu, na pikapu nyingi tunazoziona zikipanda Mazeras ni za dizeli: Hilux, D-Max, Ranger. Dizeli haigongi kwa namna ile ya petroli. Yenyewe inataka joto ili mafuta yaungue sawasawa. Ukiipoza inatoa masizi zaidi, na kama ina kichujio cha masizi kwenye egzosi, kichujio hicho kinashindwa kujichoma na kujisafisha. Mwenye Hilux ya 2.8 anayenunua themostati baridi ananunua moshi.

Wenye pikapu za petroli zenye tabo (nayo huisukumia injini hewa, kama supachaja), kama Ranger Raptor ya V6 ya lita 3.0, ndio angalau wana hoja, na hao pia wasiruke kwenda 71. Kama ya kiwandani ni 91, washuke hadi 82 wakome hapo. Na waangalie kwanza: ikiwa themostati ina waya na plagi ya umeme, inaendeshwa na kompyuta, basi waiache kama ilivyo. Injini isiyofikia joto lake kompyuta huidhani bado inaamka asubuhi, ikaimiminia petroli nyingi. Petroli hiyo huosha oili kwenye kuta za silinda. Unyevu ulioingia kwenye oili nao haupati moto wa kuutoa, oili ikawa tope. Baada ya siku chache taa ya injini inawaka, na mashine ya kusomea inatoa msimbo P0128: maji hayafiki joto linalotakiwa.

Hao wanaoing'oa kabisa, hebu wasikilize hili. Katika injini nyingi za Toyota, na nyinginezo, themostati ina sahani ya pili upande wa chini. Kazi yake ni kuziba njia ya mkato wakati mlango mkubwa unapofunguka. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta. Safari fupi za mjini utaona sindano ya joto iko chini, utafurahi. Siku ya kwanza ukibeba mzigo kwenda Mariakani, injini inachemka kuliko ilipokuwa na themostati. Mficha maradhi kilio humfichua.

Basi kabla ya kununua chochote, tafuta maradhi. Toa mpira wa chini wa rejeta uufinye: ukiwa laini kama chapati ya maji, pampu inaunyonya ukajikunja katika mwendo wa kasi. Kagua kifuniko cha rejeta. Hapa pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Kifuniko kizima cha shinikizo la bar 0.9 hupandisha kiwango hicho hadi karibu 119, ila raba yake ikiwa imepasuka, nyuzi hizo 19 umezipoteza kwa kifaa cha bei ndogo kuliko vyote chini ya boneti. Tazama baina ya rejeta na kondensa ya AC, mahali ambapo mafundi wengi hawatii jicho kabisa. Hapo hujaa vumbi, wadudu na mapezi (vibati vyembamba vya rejeta) yaliyoliwa na chumvi ya bahari. Osha kwa maji ya nguvu ndogo, ukipitisha maji kutoka upande wa injini kwenda nje; mashine ya kuoshea magari hukunja mapezi. Feni ya klachi ijaribu injini ikiwa moto na imezimwa: isukume kwa mkono, ikizunguka mara tatu nne kwa wepesi, oili ya silikoni iliyomo ndani yake imevuja. Na ukiona mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, au mpira wa juu unakuwa mgumu dakika moja tu baada ya kuwasha injini baridi, hiyo ni gasketi ya hedi; usimsumbue mwenye gari kwa themostati.

Yako pia maji yenyewe. Katika mji wetu wengi hutumia maji ya kisima, na kisima cha Mombasa kina chumvi. Chumvi hiyo hula alumini ya hedi na pampu, na chokaa yake hujenga ukuta ndani ya vijia vya rejeta hadi maji yakakosa pa kupita. Watu husema, huku hakuna baridi ya kugandisha maji, kulanti ya nini? Ya dawa ya kuzuia kutu iliyomo ndani yake, na ya kupandisha kiwango cha kuchemka. Changanya nusu kulanti na nusu maji yaliyosafishwa kwa mvuke. Kwa joto letu hata theluthi moja ya kulanti yatosha, mradi maji hayo yasitoke kisimani. Rangi isikudanganye, kila kiwanda hupaka kitakavyo. Soma aina iliyoandikwa kwenye mtungi, usichanganye mbili. Baadhi zikikutana hufanya utelezi kama wa bamia.

Ukishathibitisha kuwa themostati ni mbovu, au una sababu ya kweli ya kuweka ya joto la chini, kazi yenyewe ni ya asubuhi moja. Anza na ile mpya: ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, visiguse chini, uwashe moto. Ianze kufunguka katika nambari yake, ikizidi au kupungua nyuzi 2, na ikiwa wazi kabisa iwe imenyanyuka si chini ya milimita 8. Feki nyingi hukamatwa hapo, kabla hujalowa jasho. (Sufuria hiyo usiirudishe jikoni.)

Injini iwe imepoa kabisa, bora gari lililolala. Kinga beseni safi, fungua plagi ya chini ya rejeta, punguza maji hadi yashuke chini ya nyumba ya themostati. Nyumba hiyo utaipata kwa kufuata mpira: kwenye V8 nyingi za Kimarekani ni mpira wa juu, kwenye Toyota nyingi ni wa chini. Fungua bolti, mara nyingi mbili au tatu. Kabla ya kuitoa ya zamani, ipige picha kwa simu. Springi hutazama injini. Kama kuna kijipini kidogo kinachochezacheza pembezoni, kikae juu kabisa, kwa kuwa ndicho kinachotoa hewa. Wakikiweka chini, hewa hunaswa na sindano ya joto hurukaruka bila mpangilio. Sugua uso wa alumini kwa kipande cha mti au plastiki, si kwa bisibisi. Weka pete mpya ya raba, kavu, bila gundi ya silikoni. Silikoni kwenye raba ndiyo chanzo cha mivujo mingi ninayoiona, na vipande vyake vikikatika huenda kuziba rejeta. Bolti za milimita 6 hazihitaji mkazo wa zaidi ya niutoni mita 10 hivi. Mkono wa kukazia magurudumu utaikata alumini.

Kujaza ni kwa subira. Nyanyua pua ya gari kwa jeki au lipandishe kwenye mteremko, fungua hita hadi mwisho wa joto, mimina polepole huku ukifinya mipira. Washa, shika injini kwenye mizunguko 2,000 kwa kila dakika, hadi mpira wa upande wa rejeta uwe moto na feni iwake. Kiwango kikishuka, ongeza. Lala nalo, angalia tena asubuhi likiwa baridi.

Halafu feni. Kama ni za umeme, kompyuta ya kiwandani huziwasha joto linapokaribia 100. Umeweka themostati ya 82 na hujagusa mpangilio huo? Barabarani utaona 85, lakini ukisimama Kibarani kwenye msongamano joto litapanda hadi lilipokuwa likipanda siku zote, na pesa zako zimekaa bure. Feni ipangwe iwake nyuzi kadhaa juu ya joto ambalo mlango huanza kufunguka. Ikipangwa chini ya joto hilo haitazima tena.

Matengenezo mengine ya pikapu za aina hii yanajulikana, ila hayafuatwi. Oili ya injini yenye tabo au supachaja iwe ya sintetiki, ya namba iliyomo kwenye kitabu cha gari, na kwa joto na mizigo yetu ibadilishwe kila kilomita 5,000 pamoja na filta. Kipimo nacho kifuatwe: Hilux ya 2.8 hunywa lita 7.5, na fundi anayefungua galoni moja ya lita 5 akasema imetosha hajui anachokifanya. Baada ya kupanda na mzigo acha injini iungurume dakika moja kabla ya kuzima, ili oili ipoze shafti ya tabo badala ya kuungua juu yake. Filta ya hewa ya karatasi usiipulizie kompresa kutoka nje, utasukuma vumbi ndani ya nyuzi zake. Ikichafuka sana, nunua nyingine. Kwenye dizeli mwaga maji ya filta ya mafuta kila mara unapobadilisha oili. Plagi za injini iliyoongezewa msukumo wa hewa ziwe na mwanya mdogo kuliko kawaida, la sivyo cheche huzimwa na upepo huo.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na unyevu ndio hewa ya mji huu, kwa hiyo miaka miwili ndio mwisho wake hata kama gari halitembei. Oili ya difu (gia za ekseli) ifunguliwe uitazame kila ukivuka maji marefu. Ikiwa nyeupe kama tui, maji yameingia, imwage siku hiyo hiyo. Wanaopenda kuingiza pikapu mchangani Shanzu au Nyali jioni za Jumapili waoshe chasi kwa maji baridi ya bomba kabla ya kulala, wapitishe maji taratibu pia kwenye mapezi ya rejeta, kisha wapige grisi kwenye vijidomo vya kutilia grisi vya propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu) hadi ile ya zamani, yenye mchanga, itoke yote.

Fundi wa injini,
Changamwe, Mombasa